Niliahidiwa Bara

Mimi Ombati, katibu wa Mfalme Kiza,
naandika haya nikiwa na akili timamu
na mshahara wa miezi saba sijauona.

Siku aliponiajiri aliniahidi bara.
Tulikuwa juu ya paa la godauni, Barabara ya Lunga Lunga.
Akanyoosha kidole chenye pete, mawingu yakatawanyika
kama wachuuzi walioona kanjo.
"Kuanzia pale," akasema, "hadi kule."
Sikuuliza pale ni wapi.
Aliyelala njaa haulizi ramani.

Nguvu anazo, nisimsingizie.
Korongo wote wa mzunguko wa Nyayo ni askari wake,
wale wenye vipara na makoti ya makarani waliostaafu.
Nimemwona akilifunika jua saa saba mchana
kama mtu anavyofunika sufuria ya maharagwe,
viwanda vyote vikawasha taa,
halafu akalifunua,
kwa sababu, alisema, nguo za watu hazijakauka.

Hapo ndipo nilipoanza kushuku.

Nikampangia vita. Nikachora Ruaraka, nikachora Ngong,
nikachora Thika, angalau mtu aanze na Thika!
Akaipitia orodha ya madaraja huku akila karanga,
akanirudishia karatasi ina mafuta ya vidole.
"Pangani," akasema.
Pangani yote?
"Jumba moja, la rangi ya chai ya maziwa.
Ghorofa ya tatu, mlango wa pili kushoto.
Stima izimike saa tatu usiku. Kila siku. Basi."

Basi!
Neno hilo nililibeba kwa miguu hadi Shauri Moyo.
Mtu anaweza kumeza mwezi, anaomba fyuzi.

Nikamdai sababu. Zimwi halidaiwi, najua,
lakini hata zimwi lina mhasibu.
Akanyamaza hadi chai ikashika utandu.
Kabla ya pete, akasema, aliitwa Kivuva.
Mama yake, Nzilani, alishona sare za shule
kwa cherehani ya kukanyaga.
Kodi ikachelewa siku nne.
Wakala akapanda na koleo, akakata waya
saa tatu, sindano ikiwa katikati ya kola.
Mama akaimalizia gizani kwa kupapasa.
Asubuhi kola ilikuwa na damu; mwenye sare akakataa kulipa.

"Wakala yuko wapi?"
"Sukari ilimuua zamani."
"Mwenye nyumba?"
"Aliuza."
"Sasa tunamwadhibu nani?"
Akaitazama pete. "Saa tatu," akasema.

Zimwi likujualo, wanasema, halikuli likakwisha.
Nilikuwa nikiogopa lile jingine, la kumaliza.
Anayetaka dunia atachoka njiani,
dunia ni pana, tena ina msongamano.
Anayetaka kidogo anajua namba ya mlango.

Jana tulikwenda. Hakutaka radi wala farasi wa moshi.
Korongo kumi na wawili wakatua kwenye tangi la maji.
Saa tatu kamili akafumba kiganja.
Dirisha likafa.
Nikatoa kalamu, ningoje kilio, laana,
kitu cha kuandika.

"Nilikuwa nimebakisha hesabu mbili," sauti ya mtoto.
"Zisome," sauti ya mwanamke, "tutazifanya kichwani."

Arobaini na nane gawanya kwa sita.

Nane, akasema Mfalme Kiza chini ya pumzi,
kabla ya mtoto.

Ya pili ilikuwa ndefu, ya ndizi na vikapu na mchuuzi wa Gikomba,
haikutaka kukaa kichwani.
Wakairudia. Wakairudia tena.
Akafumbua kiganja: hakuna kitu.
Akakifumba, akakifumbua.
"Jua nililifunika tu," akaniambia. "Hii nimeizima."
Kuzima ndiko alikosomea,
kuwasha alidhani ni kazi ya watu wengine.
Kisha akanigeukia, yeye wa korongo na mawingu,
akaniomba kiberiti.

Sikuwa nacho.
Nikashuka dukani kwa Zeitun, nikakopa kimoja na mshumaa.
Nimeziongeza kwenye ile miezi saba.